Truman Angell, Seremala Aliyejenga kwa Mawe

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote.

Leo ni tarehe 24 Julai, na hapa Utah ni sikukuu. Ofisi za serikali zimefungwa, maandamano yamepita barabarani tangu asubuhi, na usiku fataki zitalia mpaka watoto washindwe kulala. Sisi tuliotoka Kivu, Kigoma, Bujumbura, Mombasa na kwingineko huwa tunaichukua kuwa siku ya kupumzika na kuchoma nyama. Si vibaya. Lakini waandaaji wameniomba niseme neno juu ya sikukuu yenyewe, na kwa kuwa riziki yangu imo katika ujenzi, na vijana wengi waliomo humu hushika nyundo kila siku kwenye majengo ya bonde hili, nimeamua kuwaeleza habari za mjenzi mmoja. Jina lake Truman Osborn Angell.

Ningeweza kumzungumzia Brigham Young, kiongozi wa kanisa la Wamormoni, aliyeongoza msafara ulioingia hapa siku kama ya leo mwaka 1847, na ndiyo maana ya sikukuu hii. Huyo ana sanamu, ana chuo kikuu chenye jina lake, watoto wenu wanafundishwa habari zake shuleni. Angell alikuwa katika msafara huohuo, lakini ukitaja jina lake kwenye foleni ya dukani watu kumi watakutazama tu. Na kumbe mkipita katikati ya mji huu wa Salt Lake City mnapita katikati ya michoro yake. Lile hekalu la mawe ya kijivu lenye minara sita, ambalo wageni wote hulipiga picha, ni mchoro wake. Nyumba yenye sanamu ya mzinga wa nyuki juu ya paa, Beehive House, ni yake. Jirani yake Lion House, yenye simba wa jiwe juu ya mlango, ni yake pia.

Ninalotaka kuwaonyesha ni hili. Sisi tunaiona kazi ya mtu huyu ikiwa imekamilika. Yeye hakuiona hivyo. Maisha yake yote alifanya kazi iliyochomwa moto, ikafukiwa, ikafukuliwa, ikasimama kwa kukosa maksai na chuma, ikaanza tena. Na alikufa minara ikiwa bado haijakamilika. Mimi naamini hayo ndiyo maisha ya mjenzi, na ndiyo maana nimekuja kuyasema mbele ya wajenzi.

Angell alizaliwa tarehe 5 Juni 1810 huko North Providence, katika jimbo la Rhode Island, pwani ya mashariki ya nchi hii. Shule aliipata kidogo sana. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi akawekwa kwa fundi kujifunza useremala. Mkumbuke hapo: seremala. Randa, patasi, msumeno. Hakusomea usanifu wa majengo chuoni, wala mawe hayakuwa kazi yake ya kwanza. Mwaka 1833 alijiunga na kanisa jipya la Joseph Smith, lile ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Wamormoni, na mwaka uliofuata dada yake Mary Ann akaolewa na Brigham Young. Kwa hiyo Young, ambaye baadaye angekuwa bwana mkubwa wa nchi yote hii, alikuwa shemeji yake. Wapo watakaosema ndiyo maana alipata kazi. Huenda ilimsaidia kuupata mlango, lakini ushemeji haumsaidii mtu kuchora ukuta wenye unene wa futi tisa ukasimama wima.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa hekalu la Kirtland, Ohio, lililowekwa wakfu Machi 1836. Humo alikuwa fundi wa mbao, akasimamia sehemu ya kazi za ndani. Muda si mrefu waumini wakagombana na wenyeji na wao kwa wao, wakaondoka. Wakaenda Missouri, na huko mwaka 1838 gavana Lilburn Boggs akatoa amri kwamba watu hawa wafukuzwe katika jimbo au waangamizwe. Wakakimbilia Illinois, ukingoni mwa mto Mississippi, wakajenga mji wa Nauvoo. Mwaka 1844 Joseph Smith akauawa na kundi la watu akiwa gerezani.

Nitatua kidogo hapo Nauvoo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi humu mtalielewa kuliko Mmarekani aliyezaliwa katika nyumba ileile aliyozaliwa babu yake. Watu wa Nauvoo walijua kwamba watafukuzwa. Walikuwa wanatengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe ili wakimbie. Na wakati huohuo walikuwa wanajenga hekalu. Mkono mmoja unafunga mzigo, mwingine unapiga randa. Angell alisimamia mafundi wa mbao. Februari 1846 msanifu William Weeks alipoondoka na msafara wa kwanza, yeye akaachiwa kuikamilisha kazi. Hekalu likawekwa wakfu hadharani tarehe 1 Mei 1846, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Oktoba 1848 likachomwa moto, na Mei 1850 kimbunga kikaangusha kuta zilizobaki.

Mimi nikiisoma habari hiyo huwa najiuliza seremala huyu alipopata taarifa ya moto alisema nini. Alikuwa kilomita zaidi ya 1,600 upande wa magharibi, na ubao wowote aliouweka pale ulikuwa majivu.

Sasa tufike hapa bondeni. Msafara wa kwanza ulikuwa na wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili. Waliondoka karibu na mto Missouri mwezi wa Aprili na kuingia bonde hili Julai. Bonde halikuwa tupu. Waute, Washoshoni na Wagoshute waliwinda na kuchuma humu kizazi baada ya kizazi, na kila ukuta nitakaoutaja umesimama kwenye ardhi yao. Wala wakati ule haikuwa Marekani: kwenye ramani ilikuwa nchi ya Mexico, ikawa ya Marekani mwaka uliofuata, 1848, baada ya vita. Watu waliokimbia kufukuzwa walifika mahali na wao wakawasukuma wengine pembeni. Hilo ni kweli, na anayesherehekea leo hana budi kulijua pamoja na mengine.

Na katika msafara huo walikuwemo watu weusi watatu: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Walikuwa watumwa, wametangulizwa na mabwana zao wa kusini. Kwenye mnara wa kumbukumbu wa waanzilishi hapa mjini majina yao yameandikwa chini ya maneno yanayowaita watumishi weusi. Bunge la hapa lilipitisha sheria ya kuhalalisha utumwa mwaka 1852, na ulikomeshwa mwaka 1862 kwa sheria ya serikali kuu. Julai 2022 zilizinduliwa sanamu zao katika hifadhi ya This Is the Place, kule juu kwenye mlango wa bonde, pamoja na ya Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyekuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo. Wapelekeni watoto wakazione.

Nyumba za mwanzo zilikuwa za udongo. Wenyeji wa vijijini mtaelewa bila maelezo. Magogo yalikuwa mbali, juu kwenye makorongo ya milima, na barabara za kuyafikia zilibidi zichongwe kwanza. Kwa hiyo wakafinyanga matofali mabichi, wakayakausha juani, wakajenga ngome ya kuta nene na vyumba vilivyopangwa kuuegemea ukuta kwa ndani. Mapaa wakayafanya karibu bapa, mbao na matawi, juu yake nyasi na udongo, wakiamini kwamba hapa mvua hainyeshi. Masika ya 1848 ikanyesha. Mapaa yakavuja matope siku baada ya siku, kina mama wakipika chini ya miavuli. Angell mwenyewe alikuwa amerudi mashariki kuchukua familia yake, akafika nayo mwaka huo wa 1848, na hayo ndiyo makazi aliyoyakuta.

Hapo ndipo maisha yake yalipobadilika. Kanisa lilimfanya msanifu wake mkuu. Seremala akapewa meza, rula na bikari, akaambiwa: chora mji. Alichora nyumba, vinu, ukuta wa kuzunguka kiwanja cha hekalu, na jengo la bunge huko Fillmore, ambalo lilikusudiwa kuwa na mabawa manne chini ya kuba; likajengwa bawa moja tu, likakamilika 1855, na mpaka leo ni hilohilo bawa moja. Huwa napenda sana jengo lile. Unaweza kusimama upande mmoja ukaona mahali ambapo bawa la pili lilitakiwa kuanza.

Kazi kubwa ilikuwa hekalu. Kabla ya kuchimba, mwaka 1852, ulizuka mjadala juu ya nini kitumike. Brigham Young alivutwa na matofali mabichi. Hoja yake ilikuwa kwamba udongo uliokaa ukutani unazidi kukakamaa mwaka hadi mwaka na mwishowe unakuwa jiwe, wakati jiwe lenyewe tayari limezeeka na linaelekea kuchakaa. Msicheke. Mtu aliyeishi ndani ya nyumba ya udongo na kuiona ikimstahimili ana haki ya kuuheshimu udongo. Hata hivyo hoja hiyo haikushinda. Tarehe 14 Februari 1853 wakapasua ardhi iliyoganda kwa baridi, na tarehe 6 Aprili wakaweka mawe ya pembeni. Msingi ulikuwa wa jiwe la mchanga, lile jekundu la korongo la Red Butte, hapo nyuma ya chuo kikuu.

Malipo yao mnayataka kuyajua, naona mnaniangalia. Fedha taslimu ilikuwa haba sana. Waumini walitoa fungu la kumi kwa mazao na kwa kazi, siku moja katika kila kumi, na mafundi wa kudumu walilipwa kutoka ghala hilo la fungu la kumi: unga, viazi, nyama, kilichokuwepo. Mavuno yakiwa mabaya, na nzige walikula mashamba zaidi ya mara moja katika miaka ile, mshahara nao unakuwa mbaya. Katika shajara yake Angell analalamika juu ya uchovu, maradhi, na mzigo wa michoro ambayo hakuna mwingine wa kumsaidia. Hakuwa mtu wa furaha nyingi. Mimi namwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1856 Young alimtuma Ulaya, akayatazame majengo makubwa ya kale, ajifunze, arudi na maarifa. Hebu fikirini. Mtu wa miaka 46, mwenye afya mbovu, anairudia njia ileile ya nyika aliyoipita na magari ya maksai, anavuka bahari, anakwenda Uingereza na Ufaransa kusimama mbele ya kuta zilizochukua vizazi kadhaa kujengwa. Na huku nyumbani ana msingi ambao bado uko chini ya usawa wa ardhi.

Alirudi 1857, na hapo tarehe yetu ya leo inaingia tena. Tarehe 24 Julai 1857 watu walikuwa wamepanda korongo la Big Cottonwood kusherehekea miaka kumi tangu kufika. Katikati ya sherehe wakaletewa habari kwamba serikali kuu inatuma jeshi dhidi yao. Hofu ikapanda. Katika hofu ile, mwezi wa Septemba, wanamgambo wa kusini mwa Utah waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa wakielekea California, mahali panapoitwa Mountain Meadows. Nawatajia kwa sababu kuiruka ingekuwa dhambi.

Mwaka 1858 watu wapatao 30,000 walihama kuelekea kusini, nyumba wakazijaza majani makavu tayari kuzichoma jeshi likitaka kukaa ndani yake. Na msingi wa hekalu, ule ulioanzwa miaka mitano nyuma, wakaufukia. Wakamwaga udongo juu, wakasawazisha, wakapalima paonekane shamba. Kiwanja kizima kikawa shamba lililotifuliwa, na chini yake mawe. Jeshi lilipita mjini bila vita, likapiga kambi mbali. Watu wakarudi.

Walipoufukua msingi, karibu na mwaka 1862, wakakuta mawe yenye nyufa. Young akaamuru yenye kasoro yatolewe na kazi irekebishwe, kwa maana alitaka jengo lidumu mpaka mwisho wa nyakati na hakuwa tayari kulijenga juu ya nyufa. Angell hakuwepo kwenye uongozi wakati huo: maradhi yalimlazimisha kujiuzulu 1861, na nafasi yake ikashikwa na William Folsom. Lakini ninyi mliowahi kuambiwa na msimamizi kwamba zege la jana libomolewe mnajua kilichomo moyoni mwa fundi siku hiyo. Miaka tisa, na mnarudi shimoni.

Kuanzia hapo jiwe likawa itale kutoka korongo la Little Cottonwood, kusini-mashariki mwa mji, kilomita kama 32. Wanajiolojia wana jina lao jingine la kitaalamu kwa jiwe lile, lakini mchonga mawe hulijua kwa mkono wake: ni gumu. Mafundi walitoboa matundu kwa mstari, wakapigilia kabari, wakapiga kwa zamu mpaka bamba likapasuka. Kisha safari. Jiwe moja kubwa liliweza kuchukua siku tatu hadi nne kufika mjini, likivutwa na jozi kadhaa za maksai, na gari likizama au mhimili ukivunjika siku zinaongezeka. Waliwahi kuanza kuchimba mfereji ili mawe yaelee kwenye mashua, wakauacha. Reli ya kuvuka bara ilipounganishwa mwaka 1869 hapa kaskazini mwa Utah, mafundi wengi wakaondolewa hekaluni wakatandike reli, kazi ikasimama tena. Faida ilikuja 1873, njia ya tawi ilipofika machimboni. Baada ya hapo maksai wakapumzika.

Angell alirudishwa kazini 1867, na hapo aliandika jambo linalonigusa. Alijiita mdudu duni wa mavumbini, akasema ikiwa ndugu zake wanataka kumtegemeza awe msanifu, basi na ajitahidi kuwatumikia. Mtu aliyekuwa ameshachora hekalu zima anaandika hivyo. Ukuta wa chini alioupanga ulikuwa na unene wa futi tisa, karibu mita 2.7, ukipungua hadi futi sita juu. Kila safu ya mawe ilihitaji mchoro wake, ili mchonga mawe aliyeko kiwanjani ajue kona inakatwaje kabla jiwe halijapandishwa. Jiwe likikatwa vibaya, wiki nzima ya maksai imepotea.

Niruhusuni nimtaje fundi mwingine hapa, Henry Grow, kwa sababu kazi yake ni darasa. Grow alikuwa mjenzi wa madaraja kutoka upande wa Philadelphia. Miaka ya 1860 aliambiwa aezeke ukumbi wa mikutano, ule mnaouona wenye paa la mviringo jirani na hekalu, Tabernacle. Upana futi 150, yaani mita 46 hivi. Urefu futi 250. Wakaaji maelfu, na ndani pasiwe na nguzo hata moja ya kumzuia mtu kumwona msemaji. Reli haijafika. Chuma ni ghali mno kukisafirisha. Mngefanyaje?

Grow akachukua mbinu ya daraja. Alitengeneza kenchi kubwa za mbao zilizopishana kimsalaba, sawa na zile alizotumia kuvukia mto Jordan wa hapa Utah, akazipinda ziwe upinde, akazikalisha juu ya nguzo 44 za jiwe la mchanga zilizozunguka ukumbi kwa nje. Viungo akavifunga kwa vigingi vya mbao vilivyopigiliwa kwenye matundu, na ncha za vigingi zikapasuliwa na kutiwa kabari zisitoke. Mbao iliyopasuka ilifungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka inajibana, kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Oktoba 1867 wakafanya mkutano mkuu wa kwanza humo. Sauti mwanzoni ilirudi vibaya, wasikilizaji wa nyuma wakasumbuka. Angell ndiye aliyeshughulikia kazi za ndani, na ghorofa ya kukalia iliyozungushwa ndani mwaka 1870 ikaisaidia sana sauti. Leo wenyeji wanapenda kumwonyesha mgeni kwamba pini ikiangushwa mbele inasikika nyuma. Na jengo lilipoimarishwa kwa chuma baina ya 2005 na 2007, kenchi za Grow zilikuwa bado zinabeba paa lake.

Huko kusini, St. George, Angell alichora hekalu jingine, lililoanzwa 1871 na kuwekwa wakfu 1877. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa tope. Maji yanatoka chini. Wakaleta mawe ya volkano, wakayagongelea ndani ya tope kwa mzinga wa zamani wa vita uliojazwa madini ya risasi ili uwe mzito, unavutwa juu kwa kamba, unaachiwa, unavutwa, unaachiwa, mpaka jiwe likakataa kwenda chini. Mzinga upo hadi leo mahali pale, mnaweza kuuona. Mimi niliposimama mbele yake sikuwaza vita hata kidogo. Niliwaza mabega ya wale waliovuta kamba.

Sasa nimfikie mtu ambaye siwezi kushuka jukwaani bila kumtaja: Elijah Abel. Naye alikuwa seremala, rika moja na Angell, mzaliwa wa Maryland, mweusi. Alijiunga na kanisa mwaka 1832, mwaka mmoja kabla ya Angell. Mwaka 1836, huko Kirtland, alitawazwa kuwa mzee wa kanisa, cheo cha ukuhani. Huko Nauvoo alichonga mbao na kutengeneza majeneza ya kuzikia watu wa mji. Alihamia hapa 1853, mwaka uleule ambao msingi wa hekalu ulianza, akaendelea na useremala, akaendesha hoteli na mkewe. Lakini mwaka mmoja kabla hajafika, Brigham Young alikuwa ametangaza kwamba watu wenye asili ya Afrika hawaruhusiwi ukuhani. Abel aliomba aruhusiwe kufanyiwa ibada za hekaluni kama waumini wenzake. Akakataliwa. Mwaka 1879, Young akiwa ameshakufa, akaomba tena. Akakataliwa. Alikufa tarehe 25 Desemba 1884, akiwa ametoka tu kwenye safari ya kuhubiri kwa ajili ya kanisa hilohilo. Katazo lile liliondolewa Juni 1978.

Mimi si muumini wa kanisa hilo na sikuja hapa kulihukumu. Wapo humu walio waumini wake, na ni ndugu zangu. Lakini nawaambia vijana: mkisimulia habari za waliojenga mji huu, waseremala ni wawili. Mmoja alichora mlango. Mwingine alifungiwa mlango, na hakuacha kushika randa.

Angell alizeeka mezani. Young alipokufa Agosti 1877, miaka 24 baada ya mawe ya pembeni kuwekwa, kuta za hekalu zilikuwa zimeinuka kama futi 20 tu kutoka ardhini. Mita sita. Ghorofa mbili za nyumba zetu za kawaida. Angell akaendelea. Tarehe 16 Oktoba 1887 akafariki, ana miaka 77. Kazi ikashikwa na Joseph Don Carlos Young, mtoto wa Brigham, ambaye yeye alikuwa amesoma chuoni, na alibadili mambo mengi katika mpango wa ndani. Jiwe la juu kabisa liliwekwa tarehe 6 Aprili 1892, na tarehe 6 Aprili 1893 jengo likawekwa wakfu, miaka 40 kamili tangu mawe ya pembeni. Lilikuwa na taa za umeme na lifti. Angell alipoanza kulichora watu walisoma kwa mshumaa.

Kuna kijana aliniuliza wiki hii, nilipomwambia nitazungumza juu ya nini: sasa huyu mzee alipata nini? Ni swali zuri, nami sikuweza kulijibu haraka. Hakupata utajiri. Hakuliona jengo. Hata sehemu ya mpango wake ilibadilishwa na mwingine. Alichopata ni kwamba kila asubuhi, kwa miongo kadhaa, mchonga mawe aliyefika kiwanjani alikuta mchoro uliokamilika unamsubiri, na jiwe alilolikata kwa mchoro huo likaingia mahali pake. Kwa mtu wa kazi yetu hicho si kidogo. Wangapi kati yenu mmefika kazini mkakuta ramani inapingana na ukuta, na hakuna wa kuuliza?

Mtetemeko wa ardhi wa tarehe 18 Machi 2020 wengi mnaukumbuka. Ulikuwa wa ukubwa wa 5.7, na tarumbeta ya sanamu iliyo juu kabisa ya hekalu ilianguka. Jengo lilikuwa limeshafungwa tangu Desemba 2019 kwa ukarabati. Mafundi wa leo walichimba pembeni na chini ya ule msingi, wakaliweka jengo juu ya vifaa vya kulitenga na mtikiso wa ardhi, wakaimarisha kuta kutoka juu hadi chini. Kwa mara nyingine watu wakashuka shimoni kwenye msingi wa Angell. Safari hii wana mitambo na kompyuta, na bado ilibidi mtu apime kwa mkono mawe yaliyolazwa na watu waliolipwa viazi.

Tukishamaliza chakula, kama saa tisa, nitawaongoza wanaopenda kutembea. Tutaanzia kona ya State Street na South Temple, mbele ya Beehive House, muone ukuta wa matofali mabichi yaliyopigwa lipu unavyosimama baada ya miaka 170. Kutoka hapo tutakwenda kwenye nguzo za Grow, mguse alama za tindo kwenye lile jiwe jekundu. Halafu wenye magari watatubeba hadi makaburi ya mji kule kilimani, kwa kuwa Angell na Abel wote wamezikwa humo, na la Abel lina jiwe jipya lililowekwa mwaka 2002. Vaeni viatu vya kutembelea, na kina mama wenye watoto wachukue maji. Anayetaka kuja amwone mwanangu pale mezani aandike jina, tujue magari mangapi yanahitajika.

Asanteni kwa kunisikiliza.